Dawa ya Kuku na Ugonjwa wa Mtoto: Usugu Unaoingia kwa Mlango wa Jikoni



Wapendwa wasomaji wa ukurasa huu wa afya, akina mama wengi wanaokuja kliniki ya watoto huuliza swali moja: "Sista, dawa ile ile iliyomponya kaka yake, mbona huyu haimsaidii?" Ni swali zuri, na jibu lake lina sehemu mbili. Sehemu ya kwanza mmeisikia mara nyingi: tunakatiza dozi, tunagawana vidonge, tunanunua dawa bila kupimwa. Sehemu ya pili haisemwi sana kanisani wala zahanati. Inahusu banda la kuku, zizi la ng'ombe na boma la nguruwe. Mwezi huu tuizungumzie hiyo.

Sisi wa Nyanda za Juu Kusini ni wafugaji. Rungwe ng'ombe wa maziwa wanafungiwa bandani na kukatiwa majani. Mbozi na Mbeya Vijijini nguruwe ni benki ya familia. Mjini Iringa, Mafinga, Uyole na Mbalizi, nyumba nyingi zina banda la kuku wa mayai au wa nyama nyuma ya jiko. Mifugo hiyo imesomesha watoto na kujenga makanisa. Kwa hiyo makala hii haikuandikwa kuwalaumu wafugaji. Imeandikwa ili tujue jinsi ya kuilinda mifugo bila kuharibu dawa tunazozihitaji sisi wenyewe na watoto wetu.

BAKTERIA NA DAWA ZAKE

Bakteria ni vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Wengi hawana madhara, na wengine hutusaidia, kama wale wanaogandisha mtindi. Lakini wapo wanaoleta magonjwa. Wanaotupata sana kupitia chakula ni salmonela, kampilobakta na baadhi ya aina za ikolai. Hawa huishi ndani ya utumbo wa kuku, ng'ombe na nguruwe, mara nyingi bila mnyama mwenyewe kuugua. Wakiingia tumboni mwa binadamu huleta kuharisha, homa, maumivu ya tumbo, na wakati mwingine kuhara damu.

Dawa zinazoua bakteria huitwa antibiotiki, au viuavijasumu. Penisilini, amoksilini, tetrasaikilini, septrini na siprofloksasini zote zimo katika kundi hili. Penisilini iligunduliwa na Alexander Fleming huko London mwaka 1928. Kabla ya hapo kidonda kidogo kilichooza au homa ya uzazi viliweza kumaliza maisha ya mtu mzima mwenye nguvu zake. Fleming mwenyewe, alipopewa Tuzo ya Nobel mwaka 1945, alitahadharisha kwamba kutumia dawa hiyo kwa kipimo pungufu kutawafundisha bakteria kuizoea.

Jambo la kukumbuka ni hili: dawa nyingi za mifugo ni ndugu wa damu wa dawa zetu. Oksitetrasaikilini anayochomwa ng'ombe ni ya ukoo mmoja na vidonge vya tetrasaikilini ambavyo watu huviita "rangi mbili". Penisilini ya kutibu kiwele ni penisilini ile ile. Bakteria aliyejifunza kuishinda dawa ndani ya ng'ombe ameishinda pia dawa ya binadamu.

USUGU NI NINI?

Mkulima wa mahindi ataelewa upesi. Ukipalilia shamba vizuri, kwekwe zote zinakwisha. Ukipalilia nusu nusu, magugu dhaifu yanakufa, lakini sangari yenye mizizi mirefu inabaki. Sasa imepata nafasi, haina mshindani, inatoa mbegu na kutanda shamba zima. Msimu unaofuata shamba lako lina sangari tupu. Jembe ni lile lile, ila magugu yaliyobaki ni yale yasiyolijali.

Ndivyo ilivyo kwa bakteria. Katika mamilioni ya bakteria, wapo wachache ambao dawa haiwaui. Kila tunapotumia dawa hovyo, tunawaondoa dhaifu na kuwaachia sugu uwanja wote. Tena bakteria wana uwezo ambao magugu hayana: mmoja anaweza kumpa mwenzake siri ya kushinda dawa, kama jirani anavyompa jirani mbegu. Si lazima wawe wa aina moja. Ikolai wa kuku asiye na madhara yoyote anaweza kuikabidhi siri hiyo kwa kijidudu cha kuhara damu wakikutana ndani ya utumbo mmoja.

Wazee wetu wanalikumbuka jambo hili kwa klorokwini. Ilikuwa dawa ya kila nyumba ya kutibu malaria. Vimelea vikaizoea, na mwaka 2001 serikali ikaacha kuitumia kama dawa ya kwanza na kuleta SP. Nayo SP ikachoka, na mwaka 2006 ikaamuliwa tutumie dawa ya mseto. Malaria haisababishwi na bakteria, lakini somo ni lile lile.

Mfano mwingine ni wa kwetu Tanzania pia. Kipindupindu kilipolipuka mwaka 1977, bakteria waliopimwa mwezi wa kwanza wote waliuawa na tetrasaikilini. Dawa hiyo ikagawiwa kwa wingi, kwa wagonjwa na hata kwa watu wazima wa afya ili kuwakinga. Baada ya miezi mitano tu, asilimia 76 ya bakteria waliopimwa walikuwa sugu kwa tetrasaikilini. Miezi mitano! Madaktari wetu waliandika habari hiyo mwaka 1979 na dunia nzima ikaisoma. Kugawa dawa kwa wasioumwa, kwa nia njema kabisa, kuliiharibu dawa yenyewe.

BANDANI KUNATOKEA NINI?

Sasa tulitazame banda la kuku kwa mfano huo wa kipindupindu. Kuku mmoja anazubaa. Mfugaji anaogopa, maana amekopa fedha za vifaranga kwenye kikundi. Anakwenda dukani, anaeleza, anapewa pakiti ya unga. Anachanganya kwenye maji, na kuku wote mia mbili wanakunywa. Mgonjwa, aliyepoteza hamu, anakunywa kidogo sana. Wazima wanakunywa zaidi. Siku ya pili kuku amechangamka, dawa inasimamishwa, pakiti iliyobaki inawekwa juu ya kabati kungoja siku nyingine. Hapo makosa yote ya mwaka 1977 yamerudiwa: dawa kwa wasioumwa, kipimo kisichojulikana, na dozi isiyokwisha.

Wapo wanaotia dawa kidogo kila siku ili kuku wakue haraka au "wasiugue". Wapo wanaofungua vidonge vya binadamu vya rangi mbili na kuvikoroga kwenye maji ya kuku. Wapo wanaomchoma nguruwe sindano ya oksitetrasaikilini kila akikohoa. Wengi hufanya hivyo kwa sababu bwana mifugo yuko mbali, nauli ni ghali, na duka liko karibu. Sababu tunazielewa. Ila bakteria hawajali sababu.

Tena mara nyingi ugonjwa wenyewe haukuletwa na bakteria. Kideri, ambao wengine huuita mdondo, unaoua kuku vijiji vizima, unaletwa na kirusi. Antibiotiki haikigusi kabisa. Homa ya nguruwe ya Afrika, iliyolipuka Kyela mwaka 2010 na kuwatia umaskini wafugaji wengi, nayo ni ya kirusi. Sindano zote zilizochomwa kwa ajili ya magonjwa haya hazikumwokoa mnyama hata mmoja. Zimewafundisha tu bakteria waliokuwa wametulia utumboni mwake.

Si kwetu tu. Inakadiriwa kwamba zaidi ya nusu ya antibiotiki zote duniani hutumiwa kwa wanyama. Mwaka 2015 wanasayansi nchini China walitangaza kwamba katika nguruwe, katika nyama ya dukani na kwa wagonjwa hospitalini wamekuta bakteria wenye siri ya kushinda kolistini, dawa inayotunzwa kwa wagonjwa walioshindikana. China ilikuwa ikiitumia kukuzia nguruwe. Mwaka 2017 ikapiga marufuku matumizi hayo, na mwaka huo huo Shirika la Afya Duniani likashauri nchi zote ziache kuwapa wanyama wazima antibiotiki zenye umuhimu kwa binadamu.

KUTOKA BANDANI HADI TUMBONI

Bakteria sugu hupita njia nne kuu.

Ya kwanza ni mikono. Mama anakusanya mayai, anasafisha banda, kisha anamnyonyesha mtoto au anaponda ugali bila kunawa kwa sabuni. Watoto nao hutambaa palipo na kinyesi cha kuku.

Ya pili ni nyama, mayai na maziwa visivyoiva. Wakati wa kuchinja, utumbo ukipasuka, kinyesi hugusa nyama. Kuku aliyebanikwa nje akaungua huku karibu na mfupa bado ni mwekundu, mayai ya uji uji, maziwa yanyweka mabichi yakiwa ya moto kutoka kiweleni: vyote hivi ni mlango wazi.

Ya tatu ni jikoni kwenyewe. Ubao na kisu kilichokatia kuku mbichi kinafutwa kwa kitambaa na kukatia kachumbari. Kuku ataingia motoni na bakteria wake watakufa. Kachumbari haiingii motoni.

Ya nne ni mbolea na maji. Samadi mbichi inamwagwa kwenye bustani ya mchicha na kabichi. Mvua za masika zinaisukuma hadi kwenye chemchemi ambako nusu ya kijiji huchota maji.

Hapa kuna habari njema, na naomba muikariri: usugu kwa dawa si usugu kwa moto. Bakteria sugu hufa kwenye sufuria inayochemka sawasawa na bakteria wengine. Sabuni nayo humwondoa vile vile. Mama mwenye kuni, sabuni na subira ana silaha ambayo bakteria hawajaizoea.

MABAKI YA DAWA NI JAMBO JINGINE

Tusichanganye mambo mawili. Bakteria sugu ni kiumbe hai, na moto unamuua. Mabaki ya dawa ni dawa yenyewe iliyobaki ndani ya nyama, maziwa au mayai, na kuchemsha hakuyaondoi yote. Ndiyo maana kila dawa ya mifugo ina muda wa kungoja, yaani siku ambazo maziwa yasinywewe wala kuuzwa, na siku ambazo mnyama asichinjwe. Muda huo umeandikwa kwenye chupa au pakiti, na hutofautiana kwa kila dawa. Kwa oksitetrasaikilini ya kukaa mwilini muda mrefu, ungojaji wa nyama unaweza kufikia wiki kadhaa.

Mabaki haya yanaweza kumletea mzio mtu asiyepatana na penisilini. Pia yanawapa bakteria wa tumboni mwetu dozi ndogo ndogo kila siku, ambayo ndiyo shule yao ya usugu. Akina mama wanaogandisha mtindi huenda wamewahi kuona maziwa yasiyoganda hata baada ya siku mbili. Sababu zinaweza kuwa nyingi, lakini mojawapo ni kwamba dawa iliyomo imewaua bakteria wema wa kugandisha. Kipimo cha kuelea kinachotumika kupokelea maziwa hubaini maji yaliyoongezwa, dawa hakiioni. Hapo kinachobaki ni dhamiri ya mfugaji.

Najua dhamiri hiyo ina gharama. Ng'ombe wa lita 8 kwa siku, akizuiliwa siku nne, ni lita 32 zilizomwagwa. Kwa mjane anayelipa ada kwa maziwa hayo, si jambo dogo. Lakini maziwa yake yakimwagwa kwenye chombo kimoja na ya wenzake ishirini, yanaharibu ya wote, na anayeyanywa ni mtoto wa mtu. Jumuiya ndogo ndogo na vikundi vya wafugaji wangeweza kulijadili hili: kumsaidia mwenzetu siku zake nne za hasara ni kazi ya huruma, tena inatulinda sote.

NANI ANAUMIA?

Mtu mzima mwenye afya akipata salmonela ataharisha siku chache na mara nyingi atapona bila antibiotiki yoyote. Wanaoumia ni wengine: mtoto mchanga, mtoto mwenye utapiamlo au aliyetoka kuugua malaria kali, mzee, na mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI ambaye kinga yake imeshuka. Kwa hawa salmonela hutoka utumboni na kuingia kwenye damu. Hapo homa ni kali, mtoto analegea, na uhai wake unategemea dawa ifanye kazi mapema. Mikoa yetu ya Njombe, Iringa na Mbeya ndiyo yenye kiwango kikubwa cha maambukizi ya UKIMWI nchini. Kwa hiyo jambo hili linatugusa kuliko wengi.

Wodini huwa hivi. Mtoto analetwa, amekwisha kupewa nyumbani dawa za aina mbili. Anaanzishiwa sindano ya kawaida. Siku ya kwanza inapita, ya pili inapita, homa haishuki. Daktari anabadilisha dawa, anaandika ya ghali zaidi, ambayo pengine haipo na lazima baba aende mjini kuitafuta. Kila saa inayopotea kwa dawa isiyofanya kazi ni saa ambayo bakteria wanaongezeka. Sisi wauguzi ndio tunaokaa na mama usiku huo, tukipima joto, tukihesabu pumzi.

Katika hesabu ya dunia nzima, usugu wa bakteria ulisababisha moja kwa moja vifo vipatavyo milioni 1.27 mwaka 2019, na Afrika kusini mwa Sahara ndiyo iliyobeba mzigo mzito kuliko wote kwa kulinganisha idadi ya watu. Si vifo vyote hivyo vilianzia bandani. Vingi vinatokana na matumizi mabaya ya dawa kwa binadamu, hospitalini pia. Lakini banda nalo lina sehemu yake, na sehemu hiyo tunaweza kuipunguza kwa mikono yetu. Serikali yetu imeliona: tangu mwaka 2017 upo mpango wa taifa wa kupambana na usugu wa vimelea dhidi ya dawa, unaowaunganisha watu wa afya, mifugo na mazingira.

TUFANYE NINI?

Kwa mfugaji:

1. Chanja. Chanjo ya kideri inayostahimili joto hutengenezwa hapa hapa nchini. Ni tone moja jichoni kwa kila kuku, kila baada ya miezi mitatu. Mkijiunga majirani kununua chupa moja, gharama kwa kuku ni ndogo mno. Wafugaji wa samaki wa Norway walitumia karibu tani 50 za antibiotiki mwaka 1987. Walipoanza kuwachanja samaki, kabla ya miaka ya 1990 kwisha dawa zilishuka hadi karibu tani moja, na samaki wakaongezeka badala ya kupungua.

2. Usafi kwanza, dawa baadaye. Banda kavu lenye hewa, maranda yanayobadilishwa, vyombo vya maji vinavyooshwa kila siku, kuku wageni watengwe wiki mbili. Kwa ng'ombe, osha kiwele na mikono, kausha, na mkamue wa mwisho yule mwenye ugonjwa wa kiwele.

3. Mnyama akiugua, mtenge, kisha mwite bwana au bibi mifugo. Wanyama wakifa wengi, taarifa ifike kwa ofisi ya mifugo. Kuna maabara ya Wakala ya Maabara ya Veterinari mjini Iringa inayohudumia kanda yetu. Kujua ugonjwa ni rahisi kuliko kujaribu dawa tano.

4. Dawa ikitolewa, timiza kipimo na siku zote. Andika kwenye daftari tarehe ya kuanza, tarehe ya kumaliza, na tarehe ambayo maziwa, mayai au nyama itaruhusiwa.

5. Usimpe mnyama dawa ya binadamu, wala binadamu asinywe dawa ya mnyama. Usiweke dawa kwenye chakula cha wanyama wazima.

6. Maziwa ya siku za kungoja yamwage shimoni mbali na kisima. Usimpe ndama. Samadi iache ioze vizuri kwenye rundo lililofunikwa kabla ya kuipeleka bustanini.

Kwa mama na baba jikoni:

1. Nawa mikono kwa sabuni baada ya kutoka bandani, baada ya kushika nyama mbichi, kabla ya kula na kabla ya kumlisha mtoto.

2. Pika nyama hadi isiwe na wekundu ndani na maji yake yawe meupe. Yai liive, kiini kigande. Maziwa yachemke hadi yapande.

3. Kata mboga za kuliwa mbichi kwanza, nyama baadaye. Kama ubao ni mmoja, usugue kwa sabuni na maji ya moto katikati.

4. Chakula cha jana kipashwe moto hadi kichemke, si kuwekwa joto tu.

Kwa mgonjwa:

1. Kuharisha kwingi hakuhitaji antibiotiki. Kunahitaji maji. Mpe mtoto maji ya ORS. Kama hayapo, chemsha maji lita moja, yapoe, tia vijiko vya chai 6 vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chai cha chumvi. Endelea kumnyonyesha na kumlisha.

2. Omba vidonge vya zinki zahanati. Mtoto wa miezi sita na zaidi hupewa miligramu 20 kila siku. Aliye chini ya hapo miligramu 10. Mpe kwa siku 10 hadi 14 hata akipata nafuu.

3. Mkimbize hospitali mtoto mwenye damu kwenye choo, homa kali, macho yaliyodidimia, anayetapika kila kitu, au aliyelegea na kushindwa kunyonya.

4. Ukiandikiwa antibiotiki, maliza kama ulivyoelekezwa. Usimwachie jirani vidonge. Mwambie mganga ukweli kuhusu dawa ulizokwisha kumpa mtoto. Hatutakugombeza, tunataka kuchagua dawa sahihi.

MASWALI YA WASOMAJI

Je, kuku wa kienyeji ana usalama zaidi?

Kwa upande wa dawa, mara nyingi ndiyo, kwa sababu hupewa dawa chache. Lakini naye hubeba salmonela na kampilobakta utumboni, na huokota kila kitu uani. Mpike vizuri kama unavyompika kuku wa kisasa, na usiwalaze kuku ndani ya chumba wanamolala watoto.

Je, tuache kula mayai, nyama na maziwa?

La hasha! Utafiti wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba mkoani Iringa zaidi ya nusu ya watoto walio chini ya miaka mitano wamedumaa, ingawa ghala zetu zina mahindi. Yai moja lililoiva kwa siku ni zawadi kubwa kwa mtoto huyo. Atakayesoma ukurasa huu na kumnyima mtoto yai hajanielewa. Anayeuza mayai yote na kumlisha mtoto ugali mtupu naye afikiri tena.

Nguruwe wangu wana homa, masikio yamekuwa mekundu na wanakufa. Niwachome sindano gani?

Hakuna sindano ya kutibu homa ya nguruwe ya Afrika. Usiuze nyama, usihamishe nguruwe, usimwazime jirani dume. Toa taarifa mara moja, wafu wachimbiwe, na mabaki ya jikoni yenye nyama ya nguruwe yasilishwe nguruwe wengine bila kuchemshwa. Binadamu haugui ugonjwa huu, lakini boma la jirani linaweza kufutika kwa wiki moja.

Kuku wakipewa shubiri mwitu au pilipili badala ya dawa, inatosha?

Wengi huwapa. Lakini visiwe sababu ya kuacha chanjo. Hakuna jani lililo mbadala wa chanjo ya kideri.

NENO LA MWISHO

Dawa hizi hazikutengenezwa na kizazi chetu, tulizikuta. Mabibi zetu waliozaa kabla ya penisilini walizika watoto kwa magonjwa ambayo sisi tunayatibu kwa siku tano. Amri ya tano inatukataza kuua, na amri ya saba inatukataza kumpunja mwenzetu. Kuuza maziwa ya siku ya sindano kunagusa zote mbili. Waswahili husema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu tunaweza kuuziba kwa daftari la tarehe, tone la chanjo, kipande cha sabuni na sufuria inayochemka.

Naomba viongozi wa jumuiya wausome ukurasa huu kwenye mkutano wa wiki hii, na wamwalike bibi au bwana mifugo wa kata aje kujibu maswali. Wenye kuku wapange siku ya chanjo ya pamoja. Mwezi ujao, Mungu akipenda, tutazungumzia lishe ya mtoto anapoachishwa ziwa.

Mungu awabariki, awalinde watoto wenu na mifugo yenu.